Nimeikataa Roma

Al Warqa, Dubai

Mdogo wangu Irene,

Huku joto limeanza, hata bomba la maji baridi linatoa maji ya moto. Madam anapanga likizo ya Julai: Athene, Roma, kisha Barcelona. Anachagua hoteli na watoto, nami nikipeleka chai ananionyesha picha. Juzi akasema, "Na wewe twende, viza nitashughulikia."

Nilimshukuru, nikamwomba badala yake aniruhusu nije nyumbani, maana miaka mitatu sijamwona mume wangu. Akakubali palepale, akanikatia tiketi.

Nikampigia Wilbard nikijua atashangilia. Aliniuliza kama nafasi ya safari ya Madam bado ipo. Halafu akasema, "Nenda tu Ulaya, mke wangu. Huku hakuna haraka."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke: "Njoo ule, chakula kinapoa."

Akakata simu.

Sikuulizi ni nani. Nadhani ulijua, ukanionea huruma. Hapa sina wa kumwambia. Watoto wanabishania Roma, nami nacheka nao.

Tiketi sijaibadilisha. Nitafikia kwako, Irene. Nitandikie kitanda, na shemeji yako usimwambie siku ninayokuja.

Dada yako anayekukumbuka sana,
Redempta