Gundi Kwenye Vitovu vya Mbele

Jumatatu, 4 Novemba

Sijamwambia mtu yeyote. Mimi ndiye niliyepaka gundi ya chuma kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele ya gari letu. Wiki mbili zilizopita, Mama akiwa Muthurwa sokoni na Baba kazini.

Leo nimelifuta tena, kama kila Jumatatu ya likizo. Vioo, taa, milango. Kila kitu kimechorwa namba ya gari, kama magari yote hapa Buruburu, ili mwizi akose pa kuviuza. Kazi ya kuchora Baba alinipa mimi kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Ni sauti tu ndiyo hutetemeka. Aliniambia, "Mwende, chora namba. Usiguse kingine." Lakini jirani alikuwa ameng'olewa vitovu, nami nikajifanya mwerevu. Gundi kwanza, halafu rangi nyeusi juu ili vionekane takataka. Ikakauka kama jiwe. Baba hajagundua. Nilijivunia, kimya kimya.

Jumanne, 5 Novemba

Susu, mama yake Baba, amepata siku ya kupasuliwa jicho. Baba atamfuata Ukambani Jumamosi alfajiri.

Kufika kwa Susu lazima uvuke mto wa mchanga. Kiangazi ni barabara tu. Mvua ikinyesha huko vilimani, maji huja ghafla, hata kama juu yako kuna jua. Mwaka jana pikapu ya mwalimu mmoja ilinasa humo katikati. Ilipatikana siku ya tatu, imelala ubavu. Mwalimu hakupatikana.

Ndiyo maana Baba alitafuta fobaifo, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, hata kama ni kuukuu. Tangu alinunue mwezi wa tatu halijatoka kwenye lami. Jioni tumelijaribu kwenye tope la uwanja wa Makongeni, kando ya reli. Akavuta ile gia fupi ya kuyaamsha magurudumu ya mbele. Taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kama wazimu. Ya mbele yalitulia tu, kana kwamba hayatuhusu.

Vijana walitusukuma huku wakicheka. "Mzee, hii si fobaifo, ni mkokoteni!"

Baba hakucheka. Mimi sikufikiria gundi hata kidogo. Naapa.

Jumatano, 6 Novemba

Fundi Kioko amekuja asubuhi. Ndiye hututengenezea gari siku zote. Anapenda kunitania. "Sasa, Mwende! Bado hujapata sauti? Basi linong'oneze gari, labda litakuambia linaumwa wapi."

Akabadilisha fyuzi. Akapuliza vijibomba vyote vya mpira. Akaingia chini, akatoka na grisi hadi masikioni. Bado. Mwisho akagonga kitovu kwa spana. "Hivi havina neno, mzee. Ni vile vya kujifunga vyenyewe ukivuta gia."

Walipoenda kunywa chai nikatoa kile kitabu cha gari kwenye droo ya mbele. Kiingereza kitupu, hakuna aliyewahi kukifungua. Nilisoma ukurasa mmoja mara tatu. Nikautafsiri kichwani, nikidhani kwa Kiswahili utakuwa mpole kidogo. Haukuwa. Kabla ya kuvuta gia, shuka, zungusha swichi ya duara iliyo kwenye kila kitovu cha mbele, kutoka FREE, yaani huru, hadi LOCK, yaani funga. Usipofanya hivyo taa itawaka, lakini magurudumu ya mbele hayatavuta.

Swichi naikumbuka. Ilikuwa na mshale mdogo mwekundu. Ulielekea FREE. Niliugandisha hapohapo kwa gundi, nikaupaka rangi.

Nimerudisha kitabu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeamka kabla yao, nimejaribu kuibandua ile gundi kwa kisu cha jikoni. Ncha imevunjika. Gundi imecheka. Nimeacha mikwaruzo mirefu kila mahali.

Nilipaswa kujua kitakachofuata.

Baba ameiona mikwaruzo. Amemwita Fundi hapo nje, mbele ya majirani.

"Jana ulikuwa unagonga hiki kitovu. Leo kimechokorwa. Kioko, unatafuta nini kwenye gari langu?"

"Mzee wangu, mimi ni fundi, mimi si mwizi."

"Sijasema mwizi. Umelisema wewe."

Kwetu neno hilo likishatamkwa, watu hutoka nje kuangalia. Walianza kutoka. Wawili hivi walikuwa wameshika mawe mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji. Fundi akanitazama, labda akingoja nimchekee kama kawaida. Nikaangalia ndoo.

Ameondoka mbiombio. Ameacha hata jeki yake.

Mimi ni mwoga. Naandika hivyo hivyo bila kupamba.

Ijumaa, 8 Novemba, asubuhi

Susu amepiga simu. Kwake kukavu, lakini vilimani kumenyesha tangu jana. Mchanga wa mtoni umeanza kulowa.

Mama anasema asubiri. Baba anasema hospitali haisubiri. "Taa si inawaka? Basi linafanya kazi. Lile tope la Makongeni ni baya, lingenasa hata trekta."

Hiyo taa. Naiona hata nikifumba macho.

Ijumaa, jioni

Baba ameenda kujaza mafuta. Kamba, koleo na blanketi la Susu viko tayari mlangoni. Mama anakanda unga wa chapati za safari. Nyumba imetulia.

Nimechukua kitabu cha gari, nimekiweka mezani kwenye ukurasa ule. Kando yake ile ncha ya kisu. Nilijaribu kusema maneno mbele ya kioo. Yanakwama palepale.

Gari limeingia. Mlango wake umefungwa. Nyayo za Baba hizo kwenye ngazi, kandambili ya kushoto inaburuta kama siku zote. Kwa kawaida sasa hivi daftari hili lingekuwa chini ya godoro.

Nimeligeuza kidogo, maandishi yaelekee mlangoni. Asome yote, kuanzia Jumatatu.

Amefika. Naondoa mkono juu ya ukurasa.