Sauti ya Bibi Haikubaki

Sikonge, Tabora
14 Septemba 2024

Mpendwa mwanangu Shukrani,

Najua shikamoo yako iko njiani, kwa hiyo marahaba kabisa. U mzima huko Arusha? Koo limepona? Sisi huku hatujambo, ila goti langu linanisumbua, na nyumba imepooza tangu mama, bibi yako, atutoke.

Mizinga haikutupa asali nyingi mwaka huu. Nimekufichia chupa moja, usimwambie mama yako.

Mwanangu, arobaini yake tuliimaliza Jumamosi iliyopita. Uliponiambia kwenye simu kwamba sauti yake huna, nilishindwa kuwaambia watu. Wote waliamini unayo. Si walikuona kwenye harusi ya Jenifa ukikanyaga kile kifaa chako, sauti ya mama ikanaswa palepale na kuanza kujirudia? Nani angejua kwamba wimbo ukiisha ukakizima, yote yanafutika?

Inaniuma zaidi kwa sababu siku moja kabla ya harusi ulimwomba umrekodi, ili harusini upige kitu kilichokwisha kutengenezwa. Akagoma. "Kwani nimekufa? Nitaimba mwenyewe, nipo." Tukampigia vigelegele.

Basi siku ya arobaini spika ikawekwa, watu wakatulia kumsikiliza. Ikabidi nisimame niseme ukweli. Mama yako Levina aliinamisha kichwa, hakukiinua tena. Tukajaribu kuimba wenyewe. Kuitikia sote tunajua, lakini mwanzishaji alikuwa yeye, tena akitunga papo hapo kwa majina ya waliokuwepo. Tukaishia njiani.

Asante kwa kutaka kurekodi sehemu yake kwa sauti yako ututumie. Usitume. Njoo Krismasi uanzishe mbele yetu. Hata ukikosea, tutakuitikia.

Jenifa na mumewe Fikiri wanakusalimu sana. Mama yako pia, ingawa siku hizi haongei sana.

Nilitaka niishie hapo, nimeshindwa. Unakumbuka bibi yako alivyoniita katikati ya wimbo pale harusini, "Raymundi wee, maji!" na kifaa kikanasa hata hilo? Nilimletea, akanywa akamaliza, na bado sauti yake ikaendelea kuniita, watu wakivunjika mbavu. Niliona haya, nikatamani uzime upesi.

Leo, mwanangu, ningebaki nimesimama pale na kikombe mkononi, niitwe tu.

Mungu akutunze na akurudishe salama.

Mjomba wako akupendaye,
Raymundi