Usimwitike Usiyemwona

Stechford, Birmingham
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Ule uvimbe umeshuka, au bado dada Mwajuma anakukanda kwa maji ya chumvi? Na kikohozi cha baba? Mwambie aache kulala barazani, umri umekwenda. Sisi wa huku tu wazima. Zuhura mzima, baba yake mzima, anaendesha basi lake na kunung'unika kama kawaida. Mimi nakula, nalala, nakwenda kazini kule kwenye nyumba ya wazee. Lakini moyo haujatulia, mama. Kaa mahali peke yako ndipo uisome barua hii, na kama miwani imevunjika tena akusomee Mwajuma, si mtu mwingine.

Baba Zuhura alipata likizo. Badala ya kupumzika nyumbani kama watu wenye akili, akaja na habari kwamba tunakwenda Skotilandi, juu kabisa kaskazini, kutembea kwenye mbuga za hifadhi. Na si kwa treni wala kwa hoteli. Kuna Mkongo anafanya naye kazi, mtu wa Uvira anayekaa Erdington, tunamwita Papa Daniel. Ana gari ambalo nyuma yake ni nyumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, hata choo kidogo cha kukaa umekunja magoti. Huku wanaliita kempa. Akatuazima bila kudai kitu, Mungu amlipe. Siku ya kulichukua, mke wake alinivuta pembeni akaniambia kwa Kiswahili chao, "Mama Zuhura, mimi siwezi rudia kule. Kuko muzuri, lakini ile kimya yake ni mubaya." Nikamuuliza kimya kinakuwaje kibaya. Akanifungia maandazi ya njiani.

Nikamwambia mume wangu. Akacheka. Mkataa pema, pabaya panamwita.

Mwanzoni safari ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Zuhura alikaa mbele na baba yake wakiimba. Lakini kadiri tulivyopanda, nyumba zikapungua, kisha miti, kisha hata kondoo wakaadimika. Simu ikakosa mtandao. Redio ikawa inakoroma tu. Milima mitupu ya rangi ya kahawia, na chini yake maziwa ya maji meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Kila baada ya mwendo unaona nyumba ya mawe haina paa, mlango wazi, ndani yameota majani. Nikamuuliza Baba Zuhura wenyewe wamekwenda wapi. "Walihama," akasema. Walihamia wapi, hakujua. Na jua la huko, mama, wakati wa kiangazi halitaki kuzama. Unaswali Isha na mwanga bado upo dirishani. Ukitoka nje visubi vinakuingia mpaka puani. Nikilalamika, mume wangu ananiambia nitazame mandhari. Mandhari nimeyatazama mpaka macho yakachoka.

Jioni moja tulisimama kando ya ziwa, peke yetu, hakuna gari jingine. Zuhura akagundua kwamba akipiga kelele mlima unamrudishia. Akawa anaita jina lake mwenyewe, "Zuhuraaa!" na mlima nao, "Zuhuraaa." Nikamwingiza ndani, nikamkalisha, nikamwambia yale yale uliyotuambia wewe tulipokuwa tukienda kuokota kuni: jina lako usilitupe porini, na ukiitwa na mtu usiyemwona usiitike, hata ikiwa sauti ni ya mama yako. Jini anaweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Kitu asichothubutu ni kuadhini.

Mtoto macho yakamtoka. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba amesikia. Baba yake alikuwa amejilaza kitandani, akaangua kicheko.

"Mama Zuhura, majini ya huku hata Kiswahili hayajui!"

"Kama wewe uliweza kujifunza Kiingereza," nikamjibu, "wao watashindwa na nini?"

Tukacheka, tukalala.

Kesho yake, alasiri, mimi nilikuwa nakaanga samaki, yeye yuko chini ya gari anahangaika na bomba la maji. Zuhura akaona kulungu ng'ambo ya barabara, akaomba akamwangalie kwa karibu. Nikamwambia nenda, ila usipite yale mawe makubwa ya ng'ambo. Nikageuza samaki. Nilipoinua macho, dunia haikuwepo. Ukungu ulikuwa umeshuka ghafla, mweupe, mzito, umefuta mlima na barabara na ziwa na mwanangu.

Tuliita, mama. Tuliita mpaka koo likawa linawasha. Zuhura! Zuhura mwanangu! Kimya. Nikaelewa sasa yule mke wa Papa Daniel alikuwa anasema nini. Ardhi ya huko ni tope lililofunikwa majani, unakanyaga linakuvuta mpaka gotini, na baridi yake hata kiangazi inaingia mifupani. Halafu ziwa lenyewe lipo hapo hapo, huoni linapoanzia. Baba Zuhura aliyekuwa anacheka jana, kicheko kilikuwa kimemwisha. Alikuwa anakimbia kushoto, anarudi, anakimbia kulia, anarudi, kwa kuogopa asije akapotea na yeye. Na mimi nikaenda upande wangu, nikarudi mikono mitupu.

Ndipo ikatokea taa ya gari. Alikuwa mlinzi wa mbuga, mwanamke wa Kizungu wa makamo, amevaa kofia ya sufu. Akatuuliza kwa upole mtoto ana umri gani, amevaa nini, ametoka lini. Kisha akasema neno lililonikata maini: mtoto aliye karibu akiitwa na mama yake hujibu, na kama huyu hajibu, basi inabidi tuanzie ziwani. Akaenda kwenye gari lake kuwaita wenzake kwa redio.

Nilisimama pale, na ghafla ikanijia. Zuhura hajibu kwa sababu mimi nimemkataza. Yupo karibu. Anatusikia. Kila tunavyozidi kumwita ndivyo anavyozidi kujificha, na pengine anatukimbia anaelekea ziwani.

Nikamkamata Baba Zuhura kifuani. "Adhini!"

"Nini?"

"Adhini, nakwambia! Mtoto anadhani sisi ni mashetani!"

Mama, huyu mwanamume hata swala ya Ijumaa huikumbuka siku asiyokuwa na zamu tu. Akamtazama yule Mzungu, akanitazama mimi, akaweka mikono masikioni. Takbiri ya kwanza ilitoka imepasuka. Ya pili ikanyooka. Sijawahi kusikia adhana kama ile, na sidhani kama milima ile imewahi. Yule mlinzi alitoka garini, akavua kofia yake, akasimama.

Baba Zuhura alipofika pale pa kuwaita watu kwenye kheri, nikaona kitu kinasogea kwenye jiwe kubwa lililokuwa mbele yetu, si mbali kuliko kutoka mlangoni kwetu hadi kisimani. Zuhura! Alikuwa amechutama nyuma ya jiwe muda wote ule, kiganja mdomoni, miguu imelowa, meno yanagongana. Nilimkumbatia, nikampiga kofi, nikamkumbatia tena. Baba yake hakuweza kuimaliza adhana. Alikaa chini kwenye tope akalia.

Ndani ya gari nikamvua nguo, nikamzungushia mablanketi, nikamnywesha chai ya tangawizi. Alipopata joto nikamuuliza kama alitusikia. Akasema alitusikia wote.

"Na Bibi pia," akasema.

"Bibi yupi?"

"Bibi wa Tanga. Yeye ndiye aliyeanza kuniita, nyinyi hamjaanza. Alikuwa upande wa ziwa."

Mtoto huyu hajawahi kukutia machoni, anakujua kwa sauti ya simu tu. Baba Zuhura akasema huo ni mwangwi. Mwangwi wa nani, na wewe uko Tanga? Nilimwona anavyotafuta funguo za gari. Tuliondoka dakika ile ile, vyombo havijaoshwa, sufuria inagongagonga njia nzima. Tangu tumerudi amekataza jambo hili lisitajwe nyumbani kwake. Anasema mtoto aliogopa, na mwenye hofu husikia mengi. Huenda ni kweli. Zuhura anakwenda shule, anacheza, anakula. Ila dirisha la chumba chake hataki lifunguliwe.

Nisalimie baba, na umsisitize habari ya baraza. Dada Mwajuma mwambie zile khanga zimefika na nimezivaa. Mjomba wa mashine ya kusaga, shangazi mwenye ulimi wake, na mtoto wa jirani aliyejifungua majuzi, wote wape salamu zangu. Na mwalimu wetu wa madrasa, kama bado anaona na kusikia, mwambie Mwanaidi anaomba dua. Mwambie ni dua ya haraka.

Nilitaka nifunge hapa, mama. Siwezi.

Kuna jambo ambalo hata Baba Zuhura sijamwambia. Nimekuandikia juu kwamba nilienda upande wangu nikarudi mikono mitupu. Nilishuka ziwani. Nilikuwa natazama kama kuna kiatu kinaelea. Nikasikia naitwa, "Mwanaidi!" Ilikuwa sauti yako, na ule mkato wako wa mwisho wa jina unapokuwa na haraka na mtu. Nilikuwa nimechanganyikiwa, mwanangu amepotea, nilikuwa namtaka mama yangu. Sikufikiri. Nikasema, "Abee, mama!"

Sauti ikanyamaza. Haikuita tena.

Ulitufundisha tusiitike. Hukutuambia aliyeitika afanye nini. Mwulize mwalimu, waulize na wengine wanaojua mambo hayo, kisha uniandikie kwa mkono wako mwenyewe, niuone mwandiko. Simu usinipigie. Ijumaa ulipopiga niliipokea mimi, nikakusikia unavyoniita, mara ya kwanza, mara ya pili, nikairudisha chini taratibu. Nisamehe, mama yangu. Sauti ilikuwa yako, lakini uso sikuuona.

Mwanao,
Mwanaidi