Ile M ya Mbandari

Mwaitu, mama yangu,

Mutua alileta fundi wa rangi. Ndugu yangu huyo, hata matanga hayajapoa, anataka ubao wa hoteli yako usome "Highway Grill". Anasema hapa Kambu tunachekwa na kila anayepita njia ya Mombasa: MBANDARI HOTELI, mbali hivi na bahari, halafu tumeiandika kwa lafudhi ya Kikamba.

Ni kweli, fundi wa kwanza aliandika alivyotamka, bandari ikawa mbandari. Baba alitaka irekebishwe, ukakataa. "Wacha hivyo. Si ndivyo tunaongea?" Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Bahari hukuwahi kuiona. Neno ulilipata kwa dereva wa lori, ulipomuuliza hiyo bandari anayotoka kila mara ni kitu gani. Akakwambia ni mahali maji yametulia, meli hukimbilia huko bahari ikichafuka. Ukasema, "Basi hata mimi niko na yangu." Tangu hapo madereva wakawa wanapigiana simu: leo nalala Mbandari. Na yule dada aliyefukuzwa na mumewe, akalala kwenye benchi la jikoni hadi akapata kazi, wateja wakimuulizia ulijibu tu, "Ameshika mbandari kidogo."

Kwenye mazishi pasta alisema umefika bandari ya milele. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikasirika. Kwako bandari haikuwa mwisho wa safari. Mtu akishapata nguvu ulimwambia, "Kula, halafu uende. Meli si ya kukaa." Kwa nini basi uwe umefika, Mwaitu? Asubuhi nikiwasha jiko bado nakuita.

Fundi akiwa juu ya ngazi, Mutua akasema benchi nalo litoke, wanaokaa pale hawanunui kitu. Hapo damu ilinichemka. Nilimwambia fundi ashuke ngazi. "Utaweza hii kazi peke yako?" Mutua akaniuliza. Nikasema nitaweza. Amerudi Nairobi amenuna.

Jana mvua ilinyesha vibaya, basi likakwama hapo barabarani. Abiria wakaingia wamelowa chepechepe. Mama mmoja akabaki mlangoni na mtoto mgongoni, akaniuliza kama ni lazima anunue. Nikampa kitambaa ajifute, nikamwambia aketi.

Lala salama, Mwaitu. Na kama bado uko njiani, basi nenda salama. Mimi nakuahidi hivi: nikiwa hai, hakuna atakayeulizwa pesa kabla hajakauka.

Mwanao,
Mwende