Sambusa za Mvuke Nilizowapa Kuku

Mama yangu,

Nimeolewa. Nimetamani kukuandikia neno hili tangu siku ya nikaha, lakini kila nikishika kalamu machozi yananitangulia. Leo nimejikaza. Nimeolewa na Suleiman, yule fundi wa mafriji uliyemsifu kwamba anavua viatu hata mlango wa jikoni. Leo ni siku ya ishirini na mbili. Akinisalimia asubuhi moyo wangu unaruka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza namwona. Ananipepea nikipika. Anaimba vibaya sana, Mama, nami naona duniani hakuna sauti tamu kama ile. Ungekuwapo ungenicheka mpaka ukohoe.

Lakini kuna jambo linaniuma katikati ya raha hii yote.

Siku moja kabla ya nikaha, Shangazi Mwanasha alinishika mkono akanizungusha kuomba radhi kwa wakubwa, kama inavyotakiwa. Nilipiga magoti mbele ya Baba, akaniwekea mkono kichwani akasema, "Radhi zangu zote unazo, mwanangu." Nikaenda kwa Mjomba, nikaenda kwa jirani yetu Bi Mwanakombo, nikamalizia kwa Shangazi mwenyewe. Wote wakanipa. Kisha Shangazi akasema, "Na mamako alikuwa radhi nawe, usiwe na shaka." Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na shaka, Mama. Umetutoka mwaka wa pili sasa, nami sikuwahi kukuomba radhi, na kosa ninalo.

Unalijua. Nilikuwa kidato cha pili. Ulikuwa umeanza kazi kwa Mama Lin, kwenye mkahawa wake mdogo wa Kichina kule Diani, ukikunja vile vitu vya unga vinavyopikwa kwa mvuke. Wao wanaviita dim sum. Wewe ulisema ni sambusa za mvuke, basi. Kabla ya kukubali kazi ulimwekea sharti: nguruwe asiingie jikoni, wala pombe isitiwe chakulani. Akakubali, na hapa Mwabungo kila mtu alilijua sharti lako. Ila shuleni wasichana hawakujali. Nikipita waliziba pua. "Jamani, sogeeni, huyu mamake anawapikia Wachina nguruwe!"

Jioni moja ukarudi na bakuli umelifunga kwa kitambaa. Hukuvua hata buibui. "Njoo uonje," ukasema, "za kamba, nimezikunja kwa mkono wangu." Nikakwambia mimi sili vya Wachina. Ukaniapia kuwa ni halali. Nikalichukua bakuli, nikatoka nalo uani, nikawamwagia kuku.

Ulisimama mlangoni. Hukunigombeza. Uliwatazama kuku wakigombania, ukasema, "Kuku wamebahatika leo," ukaingia ndani kubadili nguo. Hukuniletea tena. Afadhali ungenipiga.

Miaka yote baada ya hapo sikukanyaga mkahawa ule. Na wewe ulikuwa na maneno yako: "Siku utakayoolewa, wewe na mumeo mtanipeleka pale nikae kitini, niletewe. Nimechoka kuviona vile viti kupitia kidirisha cha jikoni." Nilidhani ni mzaha. Ulikuwa mzaha, Mama? Sijui tena.

Basi fungate ikaisha. Suleiman akaniuliza anipeleke wapi. Akataja Mombasa, akataja hoteli moja ya ufuoni anakotengeneza mafriji. Nikasema nataka kwa Mama Lin. Hakuuliza kwa nini. Alipiga pasi shati lake jeupe, tukaenda.

Tulikaa meza ya dirishani. Kiti cha tatu nilikitandikia mtandio wako wa kijani. Wakatuletea chai kwenye vikombe visivyo na mikono, haina sukari, haina maziwa. Suleiman akaonja, akaninong'oneza, "Mke wangu, haya ni maji yaliyooshewa majani." Nikacheka. Kisha vikaja vikapu vya mianzi vimepandana, nikafunua cha juu, mvuke ukanipiga usoni, na ulipotawanyika nikaviona vimekaa sita, na ukingo wa kila kimoja umesukwa kama ukili wa mkeka, mwishoni kimebaki kimkia kimepindwa kwa ndani.

Kimkia chako. Kile ulichokiacha kwenye kila sambusa ya Ramadhani, nikawa nakikata na kukila kwanza.

Sikuweza kuinua mkono. Suleiman, maskini, akadhani naogopa ni ya moto, akatangulia yeye. Akatia nzima mdomoni, mchuzi wa ndani ukamwunguza ulimi, akawa anapepea mdomo kwa sahani. Ndipo Mama Lin akatoka jikoni kuona kuna nini. Amezeeka. Akaniangalia, akauangalia mtandio kitini.

"Uso huu ni wa Mwanatumu," akasema. Anaongea Kiswahili chako, Mama, hata kuvuta maneno anavuta kama wewe. Kisha akapiga makofi: "Wewe ndiye wa kuku!"

Nilitamani sakafu inimeze. Kumbe uliwasimulia. Kumbe kesho yake uliingia jikoni ukawahadithia, ukicheka mpaka ukajipangusa macho kwa kanga, na tangu siku hiyo kila sambusa iliyopasuka jikoni huitwa "ya kuku". Akamwita Zuhura wa Mkongani, uliyemfundisha kukunja, ambaye sasa anakaa kwenye nafasi yako. Zuhura akanishika mikono miwili. "Mamako alijivuna kwa ajili yako, dada. Alisema, mwanangu ana msimamo, asipokuwa na hakika kwamba chakula ni halali hakili, hata akipewa na mamake."

Suleiman akanitazama kwa fahari. Nami nikakiinamia kikapu.

Nilisema Bismillah nikala. Kamba, tangawizi, na lile ganda la limau ulilopenda kukwaruza kidogo juu. Nilikula zangu zote, machozi yakianguka sahanini, na wote wakadhani nalia kwa kukukumbuka tu.

Mama, haikuwa dini. Nilijua ni halali. Nilikuamini hata kabla hujaapa. Ilikuwa haya. Niliona haya kwa kazi iliyoninunulia sare niliyokuwa nimeivaa, na wewe ukaenda ukanitafutia sababu nzuri, ukaitangaza kwa watu, ukafa nayo. Njiani kurudi nilimweleza Suleiman yote. Akatangulia hatua mbili mbele yangu mpaka karibu na msikiti. Nikaogopa. Kisha akaushika mkono wangu hadharani, yeye mwenye soni vile, akasema, "Basi mwambie yeye. Usiniambie mimi."

Ndiyo nakwambia. Naomba radhi, Mama. Si kwa bakuli tu, bali kwa sifa niliyoachiwa na siistahili.

Baba hajambo, anakuombea kila baada ya Alfajiri. Nami nimepata ruhusa kwa Mama Lin: kila Alhamisi nakaa na Zuhura ananifundisha kukunja. Nakuahidi mkunjo wako hautapotea mikononi mwangu, na mtoto nitakayejaaliwa atajua mapema bibi yake mzaa mama alifanya kazi gani, wapi, na kwa sharti lipi. Pumzika, Mama. Mungu akupe kivuli na nafasi.

Jana nilikunja kumi na moja nyumbani. Tatu zikapasuka. Mama mkwe akachungulia, akauliza awape kuku. Nikamwambia, "Hapana, Mama, hizo ni zangu." Nikazila zote tatu, nimesimama mlangoni, kuku wakinitazama.

Mwanao,
Mwanaisha