Sega Nililolitoa Kwenye Ekzosi

Nafula, mpwa wangu,

Huku Malaba tu wazima. Mama yako amevuna njugu, na foleni ya malori imefika mlangoni kwangu. Umeniuliza kama niliwahi kushika lile dude la ndani ya ekzosi, lenye vitundu kama sega la nyuki, linalosafisha moshi, unalolichungulia kwa hadubini huko ng'ambo. Mimi? Fundi niliyejulikana mpaka Jinja!

Nikiwa kijana, nesi mmoja wa Butula aliniletea gari lililokataa mlima. Nikakata ekzosi, nikalivunja sega kwa nondo, nikalitoa lote. Gari likapanda mpaka malori yakadhani yanarudi nyuma. Wiki iliyofuata nesi akarudi.

"Fundi, nguvu iko, lakini watoto wangu wanakohoa huko nyuma."

"Mama, hiyo ni harufu ya nguvu!"

Mafundi wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka.

Jioni hiyo niliinua kipande kimoja cha lile sega juani. Kila kitundu kilikuwa na jua lake dogo. Nilitazama mpaka chai ikapoa. Sikukitupa, kimekaa dirishani miaka yote hii.

Ulisema chembe za madini zilizo hai hutawanyika humo kama nyota, na zikiuawa na joto hurundikana. Basi nimekufungia kipande hicho ndani ya soksi safi. Kitazame polepole. Watu wote nimewaambia sega lile lilikuwa limeshakufa kabla sijaligusa. Wewe niambie ukweli, hata kama nililiua mimi.

Mjomba wako,
Fundi wa Mafundi