Laki Tano za Harusi ya Frederick

Duka la Maziwa,
Kijenge, Arusha.
Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa kaka Sankale,

Shikamoo. Habari za Mtwara na joto lake? Kile kifua kimepona? Huku sote wazima, ila baridi ya mwezi huu imetukalia vibaya.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu saba hukupokea. Nimekasirika kaka, sifichi.

Jumatano jioni kamati ya harusi ya Frederick, mtoto wa baba mdogo, walikuja dukani kwangu, watu wanne na daftari, baba mdogo akiwa mbele. Wakaniambia ulipiga simu kikaoni, ikawekwa sauti kubwa, ukaahidi laki tano, tena ukasema wazichukue kwangu kwa kuwa duka limejaa. Hukuniuliza hata neno moja!

Duka limejaa maziwa, kaka, si pesa. Mtindi ninaopeleka shuleni hulipwa mwisho wa mwezi, tena nikiwa na bahati. Lakini akina mama wa Kikwe wanaoniletea maziwa nawalipa kila Jumamosi. Ndiyo maana kila jioni natenga kidogo kwenye kopo. Siku hiyo lilikuwa na laki nne na themanini, na baba mdogo akaliona. Akaniuliza kama hizo si pesa.

Kopo hilo siligusi hata nikiumwa. Mwezi wa tatu nilichelewesha malipo siku mbili tu, Mama Nosim akaanza kumuuzia mwenye pikapu anayesimama pale barabarani. Nilimbembeleza wiki nzima. Nikikosa maziwa yao, shule inatafuta mtu mwingine, nami nafunga. Ada za wanangu utalipa wewe? Duka hili nililianza kwa mkopo wa vikoba, na wewe hukutoa hata mia.

Ningesema hapana mbele ya kamati, ningeitwa tajiri aliyesahau ndugu zake. Ulilijua hilo, ukanitaja hivyo hivyo.

Basi nikawaambia ahadi ni yako na itatimizwa. Alhamisi nilikwenda Oldonyosambu kwa Mama, nikamweleza yote. Aliingia zizini mwenyewe akamfungua yule dume wako mwekundu. Mwenyekiti wa kamati, Rodrick, amempokea, na anasema thamani yake inazidi ahadi. Jana jioni jina lako lilisomwa kikaoni, watu wakapiga makofi.

Akina mama wa Kikwe nao niliwalipa jana, wote, kabla ya saa nne asubuhi.

Msalimie sana wifi Naserian na watoto. Baba mdogo anakushukuru. Mama anakusalimia, na amesema nikukumbushe kwamba bado una mitamba wawili zizini.

Mungu akuzidishie, kaka, kwa moyo wako wa kutoa.

Mdogo wako akupendaye, hata leo,
Naisiae